Kipande cha Ukuta wa Jiko

Mwanangu Nsimire,

Umetoka sasa hivi kwenda Kabingo kuwaaga wenzako, na najua hutarudi kabla ya jua kupoa. Kwa hiyo nimepata nafasi ya kukuandikia bila wewe kusimama nyuma ya bega langu ukiucheka mwandiko wangu. Ndiyo, herufi zangu zinalala upande mmoja. Nilisoma miaka minne tu, na mwalimu wangu naye aliandika hivyo hivyo.

Mambo ya blanketi, dawa ya malaria na kutopokea chakula cha watu usiowajua ndani ya basi, baba yako atakuambia kesho njiani mpaka masikio yakuume. Namwachia yeye. Mimi nina mambo mawili. La kwanza ni maswali, maana tangu ulipoitwa kwenda kukandika kuta huko jangwani, kaskazini mwa Kenya, kichwa changu hakitulii. La pili ni kosa langu ambalo nimelificha tangu ukiwa mdogo. Nimeona vibaya uondoke hulijui, kwa sababu kazi unayokwenda kuifanya inalihusu moja kwa moja.

Nianze na maswali, ndiyo rahisi.

Ile picha uliyotuonyesha kwenye simu bado iko machoni mwangu. Nyumba za udongo, za mviringo, zimekaa juu ya mchanga na rangi yake ni ile ile ya ardhi. Ndani kitanda cheupe kipana cha kulala familia nzima, na beseni la kuogea lililochongwa katika jiwe. Ukatuambia kwamba matajiri watatoka mbali, wapande ndege kubwa halafu ndege ndogo, ili waje kulala pale. Nikakuuliza, "Sasa hao batu banakimbia nini?" Ukacheka ukaniambia, "Banakimbiaka makelele, mama."

Nimeligeuzageuza jibu lako siku zote hizi. Sisi tuliokimbia tunaijua nyumba ya udongo: ni kitu unachojenga upesi kwa sababu huna kingine. Hapa kambini Nakivale nimewasikia wakimbizi wenzetu wakimwomba Mungu mabati na simenti katika sala ya kanisani, kwa sauti, pamoja na afya. Leo kuna mtu anayeweza kununua mabati yote ya Mbarara, naye anavuka mawingu kuja kulala ndani ya ukuta wa udongo na mavi. Sisemi ni vibaya. Nataka tu kujua anasikia nini akilala humo. Ukimpata mgeni mmoja mwenye uso mwema, muulize kwa niaba yangu.

Halafu maji. Sisi tunapanga madumu bombani mpaka mtu anasahau nyumbani aliacha nini motoni. Huko mvua inaweza kupita mwaka haijagusa ardhi, lakini kuna beseni la kuogea mtu mzima. Ulinieleza kwamba maji yakishaogewa yatachujwa kwenye mchanga na changarawe kisha yanyweshe miti, kwamba taa zitapata moto kwa jua, na kwamba kila nyumba itakuwa na tundu juu la kutolea hewa ya joto ili wasihitaji mashine ya kuleta baridi. Hilo tundu nimelipenda. Nyumba ya babu yako kule Kivu Kusini ilikuwa na kitu cha namna hiyo, moshi ulitokea humo, na hewa ya ndani ilikuwa nzuri hata jua la kiangazi likiwaka. Hakuna aliyetuambia kwamba ule ni ufundi. Tuliiita nyumba ya kizamani, na tukaionea haya mbele ya wageni.

Nijulishe pia habari za ngamia. Ng'ombe wa hapa Isingiro nawajua vizuri: aliyekula majani makavu anatoa mavi yenye nyuzi nyingi, na aliyekula majani mabichi anatoa uji tu. Ngamia simjui. Wanasema mavi yake ni madogo na makavu, sasa sijui utayaloweka siku ngapi. Mgomba nao hamtakuwa nao, na bila maji ya shina la mgomba yaliyochemshwa sijui ni nini kitauzuia ukuta kunywa mvua siku mvua ikiamua kuja. Labda gundi ya miti ya miiba. Usikisie. Uliniambia kuna wanawake huko wanaojenga nyumba zao kwa mikono yao, wakihama wanazifungua na kuzipakia. Kaa nao kwanza, unywe chai yao, uwaulize, kabla hujamsikiliza mtu yeyote mwenye ramani mkononi. Na udongo uuonje. Ukisagika kwenye meno una mchanga mwingi, ukinata kwenye ulimi una mfinyanzi. Usione haya watu wakikutazama.

Nimesimama kidogo kwenda kunywa maji. Nakuambia hivyo ili ujue kwamba hili la pili halinijii kirahisi.

Tulipofika Nakivale ulikuwa unanyonya bado. Tulipewa turubai, jembe, na kipande cha ardhi chenye vichuguu vitatu. Baba yako aliviona vichuguu akashika kiuno, akifikiria kulima. Koko yako, mama yangu mzazi, aliviona akafurahi. "Asanti Mungu," akasema, "nyumba iko tayari, inabakia kuisimamisha tu." Mchwa walikuwa wameshausaga ule udongo kwa niaba yetu. Akauchanganya na mavi ya ng'ombe, majivu na maji ya mgomba, akaniita nikanyage. Jirani wakaja kutazama. Baada ya muda wakaanza kumwita awakandikie, na mimi nikawa naandamana naye. Sifa ikatembea mpaka ikafika Mbarara.

Huko Mbarara, mtaa wa Kakoba, alikuwepo mke wa askari, Mama Kato. Mume wake alikaa kambi ya jeshi siku nyingi, na yeye alikuwa anajenga vyumba viwili vya kupangisha, matofali mabichi ya udongo na bati juu. Tukaitwa mimi na koko kuzikandika kuta. Siku ya kwanza tulimaliza ndani, ukuta ukatoka laini, wenye rangi ya kahawia nzuri. Siku ya pili nilikwenda bombani kuchota maji, na mwanamke mmoja pale akaniuliza, "Nyinyi ndio wale watu ya Kongo, ya kupaka mavi?" Wenzake wakacheka. Sidhani hata aliniudhi kwa makusudi. Lakini nilitazama ule mtaa, nyumba zote zimepigwa simenti, za kijivu, na miguu yangu ikiwa na mavi mpaka magotini. Nikaona haya, Nsimire. Niliona haya mpaka nikashindwa kumtazama mama yangu niliporudi.

Nikamwendea Mama Kato, nikamwambia mimi naweza kumpigia simenti nje, nyumba yake ifanane na za jirani. Alifurahi sana. Hakuwa ameomba, mimi ndiye niliyempa wazo. Koko aliposikia aliweka chini bakuli lake akasema, "Ukuta iko napumua, mwana wangu. Ukiifunga kinywa, maji itaingia na itakosa fasi ya kutokea."

Nikamjibu, "Mama, hapa hatuko mu kijiji. Hapa ni mu mji."

Alinawa mikono, akakaa kwenye jiwe kama robo ya saa. Kisha akainuka, akashika mwiko, akapiga simenti pamoja nami mpaka jioni, kwa sababu nilikuwa binti yake na kazi ilikuwa ya wawili.

Mvua zilipokuja, simenti ilipasuka nyufa nyembamba karibu na dirisha. Maji yakaingia humo, na yakakosa pa kutokea. Matofali yakanywa, yakavimba. Asubuhi moja ukuta wa chumba cha pili ukaangukia ndani, juu ya kitanda cha mpangaji, mwalimu wa shule. Alikuwa ametoka kwenda kazini saa moja kabla. Mama Kato akatuita. Tulimkuta amesimama juu ya kifusi, ameshika tofali lililolainika likawa tope mkononi mwake.

"Hii nyumba yangu naanguka sababu ya nini?" akauliza. "Nani alitengeneza hii udongo?"

Jibu lilikuwa limelala pale miguuni petu: ganda la simenti, gumu, na nyuma yake udongo uliozama. Mtu yeyote wa kazi hii angeliona. Nami nilinyoosha mkono nikamwonyesha mama yangu. "Ni mama," nikasema. "Ni dawa yake ya zamani."

Koko alinitazama. Sikuwahi kutazamwa hivyo, na hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Kisha akamgeukia Mama Kato akasema, "Njo miye niliitengeneza. Unisamehe."

"Kale, sawa," Mama Kato akajibu. "Lakini wewe mzee, hapana rudi hapa tena."

Tukarudi Nakivale. Tangu siku hiyo koko hakukandika tena ukuta wa mtu. Watu walimwita, akawa anasema mgongo unamuuma. Wewe ulikua ukisikia kwamba koko aliacha kazi kwa sababu mgongo wake uliharibika uzeeni, na mimi nilisikia ukiwaambia watoto wenzako hivyo, nikakuacha uendelee.

Sasa jiko letu. Nililijenga kwa fito, nikachoka kabla ya kulikandika, likabaki mifupa msimu mzima. Siku moja nilirudi kutoka shambani nikakuta koko amelikandika lote, peke yake, na wewe uso mzima umekuwa mweupe kwa majivu uliyokuwa ukimletea. Ukuta ulikuwa mzuri kuliko wowote alioufanya. Alikuwa amekaa kando yake, anangoja. Nilijua anangoja nini. Nilichosema mimi ni hiki: "Maharage yako juu ya moto?"

Nimezaa, nimezika, nimevuka mpaka kwa miguu. Lakini swali hilo la maharage ndilo ninalotamani kulirudisha kinywani. Amefariki sijalirudisha. Sikumwomba msamaha hata siku moja, na tuliishi naye chini ya bati moja miaka yote hiyo.

Unadhani mimi ndiye niliyekufundisha. Nilikufundisha kukanyaga na kupima, basi. Yule msanifu mrefu wa hizo nyumba za jangwani, aliyelala kwenye nyumba ya wageni ya Mbarara, akaukwaruza ukuta wako kwa ufunguo, akauwekea sikio kama daktari, kisha akauliza nani aliufanya, kilichomshangaza ni ule ulaini wa mwisho. Ule unatoka kwa kusugua kwa mgongo wa vidole udongo ukiwa nusu mkavu. Mimi sijawahi kusugua hivyo. Ni yeye. Nilikuona ukifanya hivyo ukiwa na miaka kumi, nikageuka upande mwingine nisiulize umekujifunza wapi.

Na hapa ndipo linapokuhusu. Wiki mbili zilizopita ulinisomea ujumbe wa msimamizi wa ujenzi wa huko. Msanifu anataka kuta za udongo mtupu, nene, zitunze baridi ya usiku mpaka mchana. Msimamizi anaona zitachelewa. Anataka ajenge matofali ya simenti upesi, halafu wewe na wanawake utakaowaongoza mpake udongo juu, unene wa kidole kimoja, mgeni akiuona aamini ukuta wote ni udongo. Na anataka wewe, mkuu wa wakandikaji, umwambie msanifu kwamba inawezekana. Ukaniambia, "Si kitu, mama, inje itaonekana udongo tu." Nami nikaendelea kupepeta mchele. Ulidhani nimekubali. Nilikuwa naliona tena lile ganda la simenti la Kakoba.

Ona jinsi dunia inavyozunguka. Mimi nilificha udongo chini ya simenti kwa sababu niliona haya. Wao wanataka kuficha simenti chini ya udongo, na hilo ndilo swali langu kubwa kuliko lile la ngamia: wao wanaona haya ya nini? Kama udongo ni mzuri mpaka watu wanavuka bahari kuutafuta, kwa nini wasiuamini ubebe paa? Ningependa kumsikia huyo msimamizi akilijibu. Pengine ana jibu. Pengine na yeye kuna mtu alimcheka bombani.

Unajua kama mimi kwamba udongo mwembamba hautashika juu ya simenti, tena huko ambako mchana unachoma na usiku unatia baridi. Utakaa kidogo, upigwe picha, halafu ubanduke. Na siku utakapobanduka, hakuna atakayesema ni simenti. Watasema udongo wa wanawake hawa haufai, ni mambo ya kizamani, tulijua. Watanyoosha mkono, na mbele ya mkono huo utakuwepo wewe, pamoja na wale wanawake utakaokunywa nao chai. Najua watakavyosema kwa sababu mimi ndiye niliyesema kabla yao.

Sitakuambia ukatae. Kazi hii umeihangaikia, karatasi za safari umezingoja mpaka ukakonda, na huyo msimamizi anaweza kukurudisha nyumbani kabla hujafungua begi. Ukirudi, mlango uko wazi na sitakuuliza kitu. Nilitaka tu uwe na habari kamili wakati msanifu atakapokugeukia na kukuuliza kama inawezekana, kwa sababu mimi siku ile nilijibu upesi mno.

Kuna jambo la mwisho. Juzi tulipokwenda Mbarara kukata tiketi, nikakuambia nakwenda kununua sabuni, ukanilalamikia nilichelewa na sabuni yenyewe sikuileta. Nilikwenda Kakoba. Mama Kato yupo, amenenepa, mumewe amestaafu, wanakaa katika kile chumba ambacho hakikuanguka. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni. Alisikiliza akiwa na kisu cha kumenyea matoke mkononi, kisha akasema, "Banange, jamani. Na yule mzee nilimufukuza." Akamenya ndizi moja nzima, polepole. Halafu akauliza, "Ye iko wapi sasa?" Nikamwambia amefariki. Akaweka kisu chini. Akanisogezea kigoda nikae. Nilipoinuka kuondoka, alinionyesha ukuta wa nyuma ambao simenti yake imevimba. "Kama unaweza toa hii yote," akasema, "kuja upake ile yake." Jumatatu naanza. Magoti yangu hayapendi kukanyaga udongo siku hizi, lakini nitakwenda polepole, na watu wa bombani wakiniuliza nitawaambia ni mavi, na waje washike.

Katika begi lako, chini ya nguo, kuna kitu kizito kimefungwa kwa kile kitenge cha koko cha bluu. Usifikiri ni jiwe. Leo asubuhi ulipokwenda bombani nilichukua kisu nikakata kipande cha ukuta wa jiko, pale nyuma ambapo mvua haifiki. Kina alama za vidole vyake vitatu. Nimepaziba mahali hapo kwa mkono wangu, vibaya, utacheka ukirudi.

Usikitunze kama picha. Simenti ikishakauka imekwisha, lakini udongo ukiuloweka unarudi kuwa udongo, hata baada ya miaka yote hii. Kiloweke usiku mmoja, kikilainika kitie kwenye mchanganyiko wako wa kwanza, na huo mchanganyiko uupake kwenye ukuta ambao wewe mwenyewe unaweza kulala chini yake. Alama za vidole zitapotea. Nimezitazama sana kabla ya kukifunga, kwa niaba yetu wote wawili. Mgeni atakayelala pale hatajua kwamba amelala karibu na mwanamke aliyekatazwa kurudi Kakoba, lakini wewe utajua.

Ukuta ukikauka, uguse kwa mgongo wa vidole. Halafu niandikie, habari za ngamia zinaweza kungoja. Niambie tu kama udongo umeshika.

Mama yako